Rekodi Inatumika na Mwingine

Chumba chetu cha kompyuta kina baridi ambayo ukishaizoea, jua la nje unalisikia tu kwa watu. Hakina dirisha. Mashine yenyewe imesimama pembeni, nyeusi, pana kama kabati la nguo, inavuma mchana kutwa kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka. Tunaiita Bibi. Bibi ni mzee kuliko nusu ya wafanyakazi wa kampuni, hajawahi kuugua hata mafua, na kila meneja mpya anayekuja anaapa kwamba atamtupa nje. Kisha meneja anaondoka, Bibi anabaki.

Kampuni yetu ina maduka ya dawa yenye matawi mengi, mengine huko mbali ambako hata gari la mzigo linafika limechoka. Mgonjwa wa dawa za kudumu akienda dirishani, karani anamuuliza Bibi kwanza. Bibi anamtafuta mtu kwenye faili kubwa la wateja, anamleta kwenye skrini kwa herufi za kijani: anatumia dawa gani, kiasi gani, alichukua lini mara ya mwisho. Bila rekodi hiyo dawa kali hupewi, hata ulie machozi ya damu. Programu zinazofanya kazi hii aliziandika mjomba wangu, ndugu yake mama, wakati mimi bado navalishwa viatu. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, na sasa mimi ni msaidizi wake. Ofisini wananiita Pilipili kwa sababu ya ulimi wangu. Sijali. Haohao wanaoniita Pilipili ndio wanaonikimbilia skrini zao zikiganda.

Mjomba hafundishi kama wanavyofundisha vitabu. Mwanzoni kabisa alinikalisha mbele ya skrini, akazima taa, akaniambia nifumbe macho.

"Faili ni nyumba ndefu," akasema. "Ina ukumbi mmoja usioonekana mwisho, na milango imepangwa kwa namba. Nyuma ya kila mlango kuna mtu ameketi. Haya, unataka nini?"

"Nataka kujua kama mtu fulani yupo au hayupo."

"Basi tumia amri ya SETLL. Unakwenda mpaka kizingitini, unatazama namba ya mlango, unarudi zako. Huingii ndani. Humwamshi mtu kwa ajili ya kujua tu kama yupo."

"Na nikitaka kumwona?"

"Hapo unatumia CHAIN. Inakupeleka moja kwa moja mbele ya mwenye namba unayoitaka. Lakini sikiliza vizuri, wewe mtoto. Faili likiwa limefunguliwa kwa kubadilishwa, CHAIN ikimfikia mtu inamshika mkono. Ukishamshika wewe, mwingine hawezi kumgusa mpaka umwachie. Kwa hiyo ukitaka kumtazama tu, weka herufi N kwenye mabano pale mbele, utamwona bila kumshika. Ukitaka kumbadilisha ndiyo unamshika. Mshike, mbadilishe, mwachie. Tena upesi! Kuna watu wanangoja ukumbini."

Mshike, mbadilishe, mwachie. Alinikaririsha maneno hayo mpaka nikawa nayasema nikipiga mswaki. Safari moja alikuta kwenye programu yangu nimemshika mteja mkono wakati nilichotaka ni kujua tu kama yupo. Loo! Alinifokea mpaka mama anayefagia akasimama mlangoni na ufagio wake akauliza kuna msiba gani. Nilinuna wiki nzima. Lakini programu niliiandika upya yote, na tangu hapo sijarudia.

Kilichobaki kwangu ni ile nyumba. Ilinikaa kichwani ikawa yangu. Baada ya chakula cha mchana, Bibi anapovuma na baridi inapopanda miguuni, macho yananiwia mazito na najikuta kwenye ukumbi ule. Sakafu haina vumbi. Taa hazionekani zilipo, lakini kuna mwanga wa kijani, hafifu, kama wa maji ya kina. Napita mlango baada ya mlango. Nawasikia watu wakipumua nyuma ya mbao, mwenye kisukari, mwenye presha, mwenye pumu anayepumua kwa shida, na kila mmoja ameketi anangoja namba yake iitwe. Sijawahi kuogopa humo. Ni mahali pa amani, na mara nyingi naamka nikiwa na alama za vitufe shavuni.

Siku moja mvua ilikuwa inanyesha, sisi tuliijua kwa sababu tu watu walioingia walikuwa na mabega yaliyolowa. Mjomba alikuwa ameshuka chini kupokea maboksi ya karatasi. Mimi nilikuwa ukumbini mwangu, natembea polepole, nikasikia kengele inalia mbali sana mwisho wa milango. Nikaifuata. Kadiri nilivyokwenda ndivyo ilivyonizidi kelele, mpaka nikafumbua macho nikakuta ni simu ya mezani.

"Hapo ni makao makuu? Chumba cha kompyuta?" Sauti ya mwanamke, kijana, inahema.

"Ndiyo. Sema, dada."

"Afadhali! Mimi ni karani mpya, tawi la huku mwisho wa barabara. Nina mteja hapa dirishani. Kila nikiingiza namba yake, skrini inakaa, inakaa, kisha inaniambia 'Rekodi inatumika na mwingine.' Mwingine ni nani? Hapa niko peke yangu."

"Umejaribu tena?"

"Mpaka vidole vimeota sugu. Mwenzangu kaniambia nifanye wanavyofanya wote, nimwambie mteja mtandao hakuna, arudi kesho. Nimemwambia. Amekataa, jamani. Anasema hiyo 'mtandao hakuna, rudi kesho' ameshaambiwa kila tawi alilopita, na kesho haijafika mpaka leo. Ameketi kwenye benchi, anasema haondoki. Na mimi namwonea huruma, maana mikono inamtetemeka. Ni dawa za kifafa. Muda wote huu ameishi kwa za kuazima kwa wagonjwa wenzake, na za mwisho amemaliza jana."

Usingizi ukaniruka. Nikaweka simu kwenye kipaza sauti ili mikono yangu iwe huru. Nilimwomba namba, nikaiingiza kwenye skrini yangu, CHAIN yenye N, kama nilivyofundishwa. Rekodi ikaja. Nikasoma jina.

Alikuwa ni Dada. Mtoto wa pekee wa Mjomba.

Namwita Dada kwa sababu tumelelewa pamoja baada ya mama yangu kufariki, tumelala kitanda kimoja, tumegombania shuka moja. Kifafa kilimwanza akiwa mdogo. Mjomba ni mgane, na hofu yake yote aliimwaga kwa mtoto yule. Bafuni hakuruhusiwa kufunga kitasa. Sokoni hakwenda peke yake. Alipokuwa binti mkubwa kabisa, mwenye cheti chake cha ualimu, baba yake bado alikuwa anamsindikiza mpaka kwenye kituo cha basi na kumsubiri hapo mpaka arudi. Mtu akimwambia Mjomba amezidi, anajibu kwa methali: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Sasa Dada akapata kazi ya kufundisha mji wa mbali. Mjomba akasema haendi. "Ukianguka njiani, nani atakuinua?" Dada akamjibu, "Watu, Baba. Watu ndio wataniinua." Waligombana siku hiyo mpaka majirani wakafunga madirisha. Asubuhi tulikuta kitanda kimetandikwa na mkoba haupo. Simu yake haikupatikana tena. Mjomba alimtafuta kila mahali anapopajua, kisha akanyamaza. Mwaka ukapita na zaidi. Nyumbani tukala tukitazama sahani, na mimi nikadhani amekata tamaa.

"Dada wa kompyuta? Upo?" karani aliuliza.

"Nipo. Usikate simu. Na huyo mteja usimwache aondoke, nakuomba."

"Aondoke wapi, mwenyewe kagoma?"

Bibi ana amri ya kuonyesha nani ameshika nini. Nikaiandika. Kwanza nilidhani ni tawi fulani lililoacha skrini wazi likaenda kunywa chai, na nilishaanza kuandaa matusi. Mstari ukatokea. Rekodi ile imeshikwa tangu asubuhi, imeshikwa kwa kubadilishwa, na aliyeishika yumo humu humu chumbani. Jina la mtumiaji lilikuwa la Mjomba. Kikulacho ki nguoni mwako!

Nikageuka. Mezani kwake kuna skrini mbili. Moja anafanyia kazi. Ya pili ameigeuzia ukutani na kuitundikia koti, na mimi siku zote nilijua imekufa, kwa sababu aliniambia imekufa. Nikainua koti. Nikaizungusha. Ilikuwa hai, inang'aa kijani, na Dada alikuwa ndani yake: jina, mwaka wa kuzaliwa, dawa, kiasi, tarehe ya mwisho kuchukua, ambayo ilikuwa siku chache kabla hajaondoka nyumbani. Chini kulikuwa na alama inayowaka na kuzima, inangoja mtu abonyeze kitu.

Nakumbuka mvumo wa Bibi ulinifunika masikio, na kwa mara ya kwanza niliuona ukumbi ule macho yangu yakiwa wazi. Mlango mmoja ulikuwa wazi. Mjomba alikuwa amepiga magoti mbele ya Dada, amemshika mkono kwa mikono yake miwili, ametulia. Ukumbini nyuma yake msururu wa makarani wamesimama na vikaratasi vyao, wanaangalia, wanachoka, wanaondoka mmoja mmoja. Naye hageuki.

Mlango wa chumba ukafunguliwa, Mjomba akaingia na boksi begani. Aliona koti sakafuni. Akalitua boksi taratibu mno, kama lina mayai.

"Umegusa kitufe chochote?" akauliza.

"Mjomba, hii nini?"

"Nimekuuliza umegusa kitufe?"

"Sijagusa! Na wewe nijibu. Hii nini?"

Akaketi. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena ikiwa na uchafu ule ule. "Ni programu ndogo," akasema. "Naiwasha kila asubuhi kabla hujafika. Inamshika tu."

"Inamshika tu! Wewe? Wewe uliyenifokea mpaka watu wakadhani kuna msiba? Mshike, mbadilishe, mwachie! Umembadilisha nini? Umemwachia lini?"

"Tulia, Pilipili."

"Situlii!"

"Sikiliza basi. Ningeweza kuandika programu ya kunipa taarifa rekodi yake ikibadilika. Kazi ya dakika chache. Lakini ingeniambia nini? Kwamba alikuja, akachukua dawa, akaondoka. Ningeipata habari yeye ameshapotea tena. Mimi nilitaka nimkute bado amesimama pale." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeeleza kazi safi. "Kwa hiyo nimemshika. Siku akienda tawi lolote, karani atakwama. Akikwama, atapiga simu makao makuu. Simu ya makao makuu ni hii hapa, na anayepokea ni mimi. Ndiyo maana sili chakula nje. Ndiyo maana sichukui likizo. Subira yavuta heri, mwanangu. Simu itakuja."

Haki ya Mungu, nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga. Mtu huyu alimjua Bibi mpaka mifupa yake, lakini dirishani hajawahi kusimama hata mara moja. Hakujua kitu ambacho hata mtoto wa shule anakijua.

"Mjomba," nikamwambia. "Makarani hawapigi simu. Skrini ikikwama wanamwambia mteja mtandao hakuna, arudi kesho. Kote. Kila tawi. Dada amekwenda, Mjomba. Amekwenda tawi hili na tawi lile, tangu mwaka jana, na kila anapokwenda wanamwambia arudi kesho. Anafukuzwa na wewe."

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu.

"Nani amekuambia hayo?"

Nikanyoosha kidole kwenye simu. Taa yake nyekundu ilikuwa inawaka.

"Hodi jamani," karani akasema kwa woga. "Mimi nasikia yote. Samahani. Hamkuniambia nisisikilize."

Mjomba aliinuka, akaketi, akainuka tena. "Yuko hapo? Sasa hivi?"

"Yuko kwenye benchi, mzee. Shikamoo."

"Mwambie angoje!" Alikuwa ameshaliokota koti, mkono mmoja umeingia, wa pili unatafuta njia. "Mwambie asiondoke, nakuja na gari. Nitaendesha bila kusimama, nikifika—"

"Utafika kesho!" nikasema. "Dawa zimemwishia jana!"

"Usiiachie, Pilipili. Usiguse. Ukiiachia atachukua dawa ataondoka, na safari hii nitampata wapi? Niambie! Nitampata wapi?"

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Sikuwa nimewahi kumwona Mjomba akilia, hata kwenye mazishi ya mama yangu alisimama kama nguzo. Hasira yangu ikaniishia mikononi, na hapo ndipo wazo baya likanijia na mimi. Nilimtaka Dada. Nilitaka abaki kwenye benchi lile, anapojulikana alipo, nami nimfuate na gari, nimkumbatie, nimtukane, nimrudishe kwenye kitanda chetu. Ilikuwa rahisi mno. Hatukuhitaji kufanya kitu. Tungenyamaza tu, na kitufe kisibonyezwe.

"Karani," nikasema. "Mwambie ni mimi, mdogo wake. Mwambie niko kazini kwa baba yake."

Tukasikia kiti kikisukumwa, viatu, maneno ya mbali. Mvua ilikuwa inanyesha huko pia; ilisikika juu ya mabati. Bibi alivuma. Mjomba alisimama na koti lililoning'inia begani, uso umeielekea simu, hapumui. Ilinijia kwamba sisi wote wawili tuko ndani ya nyumba ile ndefu sasa, tumesimama nyuma ya mlango, na kule upande wa pili kuna mtu anayetujua.

Karani akarudi. "Ameniuliza skrini imeandika nini hasa. Nimemsomea, 'Rekodi inatumika na mwingine.' Kacheka kidogo. Halafu..." Akasita. "Mzee, utanisamehe, mimi ni mjumbe tu. Anasema, mwambieni Baba aniachie."

Mtoto wa fundi hafichwi kufuli. Alilala usingizi wake wa utotoni akisimuliwa ukumbi ule ule na milango ile ile, labda kabla yangu. Alishajua.

Koti lilimtoka Mjomba begani likaanguka. Akaenda mpaka kwenye skrini ya pili, akainama, akaweka kidole juu ya kitufe cha kutoka, na kidole kile kilikuwa kinatetemeka. Nikajua kwamba mikono ya baba na ya binti inatetemeka kwa wakati mmoja, kwenye ncha mbili za waya mmoja, na nikashindwa kumtazama. Nikatazama sakafu. Nikasikia kitufe kikilia.

"Yesaa!" karani akapiga kelele. "Imefunguka! Imekuja! Huyu hapa, dawa yake hii hapa. Ngoja niandike."

Kwenye skrini yangu nilisoma rekodi tena, kwa N, bila kuishika. Mjomba akaja akasimama nyuma yangu. Tarehe ya mwisho kuchukua ilikuwa bado ile ya zamani. Nikasoma tena. Na safari hii tarehe ilikuwa ya leo. Hakukuwa na sauti wala mwanga wowote, tarakimu tu zilikuwa zimebadilika zikatulia, kijani juu ya weusi, na Mjomba alipitisha kidole chake juu ya kioo pale zilipo. Muda wote ule alikuwa anangoja habari ya mwanawe, na rekodi ile isingeweza kuileta ikiwa mikononi mwake.

"Amemeza hapa hapa," karani akasema. "Nimempa maji yangu ya kunywa. Amepata raha sasa, hata rangi imemrudi. Mzee, binti yako mstaarabu kweli. Amenishukuru."

"Asante, mama," Mjomba akasema. "Mungu akubariki. Mwambie..." Akatafuta neno, na nilimwona akiyaacha mengi njiani. "Mwambie aende salama."

"Ameshatoka, mzee."

"Ametoka?"

"Sasa hivi. Kafungua mlango, katoka kwenye mvua."

Mjomba akaitikia kwa kichwa, ingawa karani hakumwona. Akaketi kwenye boksi la karatasi alilolileta mwenyewe. Nilimshika bega. Tuliisikiliza mvua ya mji ule mwingine ikinyesha ndani ya simu yetu. Nikajiambia nikate, karani ana wateja wengine. Mkono haukwenda.

"Ala!" karani akasema. "Amerudi. Kasimama mlangoni analowa, sijui kasahau nini. Dada, umesahau nini? Ee? Simu?"

Kukawa na mkwaruzo, na pumzi ya mtu. Pumzi ile niliijua. Nimelala nayo miaka yote ya utoto.

"Baba."

Mjomba aliruka kutoka kwenye boksi. Aliunyakua mkonga wa simu akauweka sikioni, ingawa kipaza sauti kilikuwa wazi na sauti ilikuwa imejaa chumba kizima.

"Nipo, mwanangu."

"Karani anasema unataka kuja na gari." Alikuwa anaongea polepole, akiyachagua maneno. "Usije. Shule zikifungwa, nitapanda basi. Nitakuja mwenyewe."

Nilimwona Mjomba akivuta pumzi. Niliyaona maswali yakimpanda shingoni, yote, moja juu ya lingine: basi la saa ngapi, utakaa kiti gani, nani atakaa karibu yako, na ukianguka je, nije nikusubiri kituoni? Alifungua mdomo. Akaufunga. Akaukamata ukingo wa meza kwa mkono uliobaki, akaubana mpaka kucha zikawa nyeupe.

"Haya, mwanangu," akasema. "Njoo."